Mke Mwenza Mwenye Masikio Marefu

Wako wanawake walioletewa mke mwenza mrefu, wako walioletewa mfupi, wako walioletewa msichana anayecheka hata na mlango. Fundi yeye aliletewa punda. Na ubaya wenyewe ni kwamba hakuletewa na mtu. Alimshona kwa mikono yake, kwa uzi wake, kwenye cherehani yake, akamtia na mkia.

Ilikuwa hivi. Maghala ya saruji na nafaka yaliyo nyuma ya soko yalikuwa na timu ya mpira, wachezaji wote wapakuaji wa mizigo, watu wa kula kwa mgongo. Wapinzani wakawa wanawaita punda. Wakiingia uwanjani tu, jukwaa la upande wa pili linalia kama punda mpaka refa anachoka kupuliza kipyenga. Mwenyekiti wa timu, mtu mfupi mwenye maneno marefu, akasema, "Jina likigoma kukutoka, livae." Akaenda kwa Fundi na furushi la blanketi za kijivu, akamwambia, "Mama, nishonee punda. Mkubwa. Wa kuvaliwa na mtu mzima."

Fundi alimshona huku akiimba. Kwa kuwa mvaaji hajapatikana, alipima kwa mwili wake mwenyewe, mabega yake, kiuno chake, urefu wake. Kichwa alikijaza sponji ya godoro kuukuu. Meno aliyakata kwenye ndoo nyeupe iliyopasuka. Masikio aliyatia waya ndani ili yasimame, yakasimama kweli, marefu kama mapanga. Mvaaji angeonea mdomoni, katikati ya meno.

Mume wa Fundi alikuwa mpima magunia kwenye mizani ya ghala, na wenzake walimwita Kimya. Hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Hakuwahi kumwinulia mkewe mkono wala sauti. Lakini hiyo sauti yenyewe ndiyo ilikuwa haionekani. Maneno aliyatoa kama mtu anayetia chumvi kwenye chakula cha mgonjwa.

"Umeamkaje, baba watoto?"

"Salama."

"Kazini?"

"Kupo."

"Binti yetu ametuma salamu, mtoto wake ameota meno."

"Vizuri."

Basi. Hapo siku imekwisha.

"Nimeolewa na kabati," Fundi alikuwa akimwambia wifi yake, dada wa huyo Kimya, aliyekaa nyumba ya pili. "Zuri, imara, halina mchwa. Lakini kabati."

"Shukuru, wifi yangu," wifi humjibu. "Mimi nimeolewa na redio, na haina pa kuzimia."

Mwenyekiti alipokusanya watu wa ghala na kuuliza nani atavaa Punda, wote walitazama chini. Kimya akanyoosha mkono. Watu walidhani anaomba ruhusa ya kutoka, na Mwenyekiti akawaacha waamini hivyo.

Jumamosi ya kwanza Fundi alikwenda uwanjani na moyo mkononi, akimhurumia mumewe kwa aibu itakayompata. Punda akatoka mlangoni, akasimama, akatikisa masikio. Kisha akaanza kucheza! Alitikisa nyonga, akauzungusha mkia kama kamba ya kurukia, akampigia refa magoti, akambeba mtoto wa mtu shingoni akazunguka naye uwanja mzima. Alimbusu mkono bibi mmoja mpaka bibi akafunika uso kwa khanga. Jukwaa lote lilikuwa hoi. Fundi alicheka mpaka mbavu zikamuuma, akajiambia, "Kumbe nilikuwa na mume!"

Akaenda nyumbani mbio, akapika vizuri, akavaa vizuri, akangoja.

Kimya akaja. Akakiweka kichwa cha Punda juu ya kiti cha chumbani, maana pengine pote palikuwa na unyevu. Akaoga. Akala. Akasema, "Chakula kizuri." Akalala.

Fundi akabaki anatazamana na yule Punda. Meno yale meupe ya ndoo yalikuwa yanamcheka. Hapo ndipo wivu ulipoingia, na wivu hauingii kwa kupiga hodi.

Ukakua. Ulikuwa na chakula cha kutosha, kwa sababu mji wote ulimpenda Punda. Mwenyekiti aliweka sharti kuwa mvaaji asijulikane, na akiwa ndani asitoe neno, hata akikanyagwa. Kwa hiyo watu walimpenda bila haya. Wakaanza desturi ambayo hakuna aliyewaagiza: kabla ya mpira kuanza, walijipanga kando ya uwanja, mmoja mmoja wanamnong'oneza Punda sikioni. Mwenye mgonjwa alisema mgonjwa wake, mwenye mtihani mtihani wake, mwingine aliomba mabao tu. Punda alitikisa kichwa, akamkumbatia, akampokea mwingine. Walisema Punda anafaa kuambiwa, kwa kuwa hana pa kuyapeleka.

"Siri za mji mzima zinapita sikioni mwa mume wangu," Fundi alimwambia wifi yake, "na mimi sijui hata kama anapenda chai yake iwe nzito au nyepesi."

"Hamjaulizana?"

"Nimeuliza. Alisema, 'Yoyote.'"

Na kulikuwa na Tarumbeta. Huyu alikuwa mwimbishaji wa jukwaa la maghala, mwanamke wa kifua kipana, akianzisha wimbo hata wapita njia wanaitikia. Kila bao, Tarumbeta anateremka, anacheza na Punda, tumbo kwa tumbo. Jumamosi moja alikaa karibu na Fundi, anajipepea kwa ncha ya nguo.

"Dada," akasema, "mwanamume angekuwa kama yule punda, ningeolewa kesho asubuhi."

"Humjui aliyemo ndani."

"Awe nani, awe nani! Mtu anayecheza vile, nyumbani kwake si harusi kila siku?"

"Labda nyumbani ni kabati."

"Kabati?" Tarumbeta akacheka kwa sauti ile yake, watu wakageuka. "Basi nifungieni humo humo!"

Fundi akacheka naye, maana angefanyaje? Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, na nguo yenyewe aliishona yeye.

Mwisho akafanya jambo ambalo hakumwambia hata wifi. Alijipanga mstarini na wenzake. Zamu yake ilipofika, akalishika sikio la Punda, lile alilotia waya mwenyewe, akanong'ona, "Baba watoto, ni mimi. Ukirudi leo nyumbani, cheka na mimi kidogo. Hata kidogo tu."

Punda akatikisa kichwa. Akamkumbatia. Akampigapiga mgongoni kama alivyompiga mtu aliyetangulia, akafungua mikono kwa mtu anayefuata.

Jioni ile Kimya alikula, akanawa mikono.

"Ulinisikia?" Fundi akauliza.

"Wapi?"

"Uwanjani. Sikioni."

Kimya akatazama sahani. "Yaliyosemwa sikioni hayasemwi tena," akasema, akaondoka mezani.

Fundi hakulia. Alichukua mkasi, akaenda chumbani, akasimama mbele ya kile kichwa kilichokalia kiti chake. Akalishika sikio. Halafu akauweka mkasi chini. Kukata nguo aliyoishona mwenyewe kulimshinda; hata mama huwa hawezi kumkata mtoto anayemtukana. Lakini aliapa moyoni kuwa siku moja mji huu utamchoka Punda, na yeye atakuwepo kushuhudia.

Siku ikajileta. Wiki ya mchezo na timu ya reli, ule mchezo ambao watu huufulia nguo, gunia la saruji lilimponyoka mpakuaji likamwangukia Kimya mguuni. Mguu ukavimba kama boga. Mwenyekiti alikuja nyumbani, akauona, akakaa chini.

"Tumekwisha," akasema. "Nitamvika nani? Nikimvika mtu wa ghala, kesho mji mzima unajua. Punda akikosekana, watu wataona mkosi, wachezaji miguu itawalegea."

Wifi alikuwa mlangoni amebeba beseni. Mdomo wake haukuwahi kufungwa na mtu. "Mbona mnatafuta mbali? Aliyempima Punda ni nani? Si wifi yangu, kwa mwili wake? Nguo inamjua mwenyewe."

Mwenyekiti akamtazama Fundi kuanzia juu mpaka chini, kama mtu anayenunua meza.

"Hapana," akasema Kimya kutoka kitandani.

Wote wakageuka. Neno lake lilikuwa limetoka upesi mno.

"Kwa nini hapana?" Fundi akauliza.

Kimya akavuta shuka. "Kuna joto."

"Nimezaa," alisema Fundi. "Joto silijui?" Akamgeukia Mwenyekiti. "Nitavaa."

Alikubali kwa upole kabisa, na Mwenyekiti akamshukuru akamwita mama wa timu. Angejua! Fundi alikwisha panga yake. Hatacheza. Hatakumbatia mtu. Atasimama katikati ya uwanja kama gogo, mchezo mzima, mbele ya timu ya reli na watu wake wote, mpaka watu wazomee, wamtupie maganda, waseme huyu punda hafai, mtoeni. Jumamosi moja tu ya namna hiyo, na mapenzi yao yataisha kama yalivyoanza. Kisha mumewe atarudi nyumbani, maana hatakuwa na pengine pa kuchekea.

Jumamosi ikafika. Kimya alichechemea na fimbo mpaka jukwaani, akakaa mahali ambapo mkewe hukaa, pembeni ya Tarumbeta. Fundi akavaa. Ndani mlikuwa na giza na harufu ya mumewe, jasho lake na vumbi la saruji, harufu aliyoifua kila Jumapili, lakini hakuwahi kuwa katikati yake. Dunia ilikuwa imebaki ufa mmoja kati ya meno. Akatoka.

Kelele ikampiga kifuani. Hakujua kelele ilivyo ukiwa wewe ndiye unayepigiwa. Akatembea mpaka karibu na mstari, akasimama. Akakaza magoti. Gogo.

Watu wakaja kujipanga. Wa kwanza akanong'oneza, akafungua mikono. Gogo halikusogea. Kijana wa pili akamvuta mkono. Halikusogea. Fundi akafurahi kule ndani, akangoja matusi.

"Punda amegoma!" mtu akapiga kelele.

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Kwani punda ni nini bila kugoma? Misimu yote ile alikuwa anacheza tu kama bwana harusi, na leo, siku ya reli, hatimaye amekuwa punda wa kweli! Wakaja watatu wakamsukuma matakoni. Fundi akakaza miguu. Wakaja watano wakavuta mbele. Akalalia nyuma. Mmoja akaanguka chali, watu wakafa kwa kucheka. Jogoo wa timu ya reli, mtu aliyevaa manyoya mekundu, akaja kumchokoza kwa kumdonoa. Fundi alikuwa na hasira ya miezi mingi, na haikuwa na pa kwenda. Akamtandika Jogoo teke moja, manyoya yakaruka. Hapo jukwaa la maghala karibu livunjike.

Kadiri alivyowakatalia, ndivyo walivyompenda. Tarumbeta akashika wimbo palepale, wa kutunga hapo hapo:

"Haendi, haendi, mzigo uongezwe!"

"Haendi!" wakaitikia.

"Haendi, haendi, mpeni mke aoe!"

"Haendi!"

Wakati wachezaji wanajinyoosha, akatokea mzee mmoja mwenye kofia ya sufi. Huyu alijulikana na wote. Alikaa mstari wa mbele kila Jumamosi, na kila Punda alipomsogezea sikio alitikisa kichwa, hana la kusema. Leo aliinuka mwenyewe, polepole, akavuka mstari, akamfikia Punda aliyegoma, akalishika sikio kwa mikono miwili.

"Usiwasikilize," akanong'ona. "Kaza hapo hapo. Mimi nyumbani wananisukuma vivyo hivyo. Baba hamia huku, baba lala kule, baba uza kitanda. Simama, mwanangu. Nitasimama na wewe."

Na akasimama. Akajipanga ubavuni mwa Punda, naye akakaza magoti yake membamba, kofia imekaa upande. Fundi alihisi kitu kinampanda tumboni. Kilikuwa kicheko, na kilimtikisa mabega, masikio ya Punda yakatikisika, watu wakaona Punda anacheka. Akamshika mzee kiunoni. Wakacheza. Hakuwa amepanga, miguu ilikwenda tu, na ya mzee nayo ikafuata, na uwanja mzima ukasimama kwa miguu yake.

Mapumzikoni alikuja Tarumbeta. Fundi alimwona ndani ya ufa ule, kifua kwanza, akakaza tena. Huyu, alijiambia, simkumbatii ng'o. Tarumbeta akaleta mdomo sikioni. Sauti yake ilikuwa ndogo, huwezi kuamini ni ileile.

"Nikumbatie kwa nguvu, Punda wangu," akasema. "Ukiniachia hapa, atakayenikumbatia tena ni wewe, Jumamosi ijayo."

Fundi akafungua mikono, akamkumbatia kama ndugu yake aliyefiwa, akakaa naye hivyo mpaka kipyenga kikalia.

Mchezo ukaisha sare ya bao moja kwa moja, na hakuna aliyejali.

Asubuhi ya Jumapili Fundi alimkuta Kimya uani. Amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mguu mbovu ameunyoosha, analifua vazi la Punda katika beseni. Analifua kwa kuligombeza. Povu limemfika kwenye viwiko.

"Acha, nitafua," Fundi akasema.

"Nimeanza."

Fundi akakaa kizingitini na chai yake. Kimya akasugua. Akasugua pale pale mpaka blanketi ikaanza kutoa nyuzi.

"Yule mzee alikuambia nini?" akauliza, bila kuinua kichwa.

"Mzee yupi?"

"Unamjua yupi. Wa kofia." Akalipiga vazi kwenye maji. "Misimu yote mimi namsogezea sikio. Kila Jumamosi. Nimempigia magoti yule mzee. Nimemchezea peke yake. Hajawahi kunipa neno moja! Wewe umeingia siku moja, umesimama tu, umesimama kama nguzo ya umeme, mzee anainuka na miguu yake anakuja kukumwagia moyo. Alisema nini cha kusemwa muda wote ule?"

Fundi akashusha kikombe taratibu. Hakuwahi kusikia maneno mengi hivyo yakitoka kwa mtu huyu kwa mara moja, hata siku ya kumposa, ambapo mjomba wake ndiye aliyesema.

"Na yule Tarumbeta," Kimya akaendelea, "kakaa pale ubavuni mwangu ananiambia mimi, ananipiga kibao begani ananiambia, 'Kaka, leo Punda ana roho! Siku nyingine zote alikuwa anacheza tu.' Anacheza tu! Mimi! Nimekaa pale kama mtu aliyesahauliwa kwenye harusi yake. Watu wananikanyaga mguu wanapita kumwendea. Namwona pale chini, anakumbatiwa, anacheka, najua ni wewe, hakuna mwingine pale jukwaani anayejua, nataka kuwaambia huyu ni mke wangu, na siwezi. Niligeuka huku, nikageuka kule, sina wa kumwambia." Akalizamisha vazi majini. "Inauma, bwana."

"Inauma?" Fundi akauliza kwa upole.

Kimya akamtazama. Alimtazama muda mrefu, povu linamdondoka vidoleni, na Fundi akaona jinsi jambo linavyomfikia mtu taratibu, kama maji kwenye udongo mkavu.

"Ulikuwa unakaa pale," akasema Kimya.

"Kila Jumamosi."

"Mm."

"Na nikaja sikioni."

"Nilisikia." Akalikamua sikio la Punda, akalikamua tena halina maji. "Nilikuja nyumbani siku ile nataka kucheka. Nilikaa mezani najaribu. Ukiniangalia hivyo, mama, ukisubiri, midomo inakufa. Humo ndani hakuna anayenisubiri niseme. Nikitoka, kila uso unauliza, haya, sema basi. Nakosa."

Fundi angeweza kusema mengi. Alikuwa na kapu zima, la miaka. Akayaacha kapuni. Akageuza uso, akatazama ukuta, ili asionekane anasubiri.

Kimya akafua kidogo. Akasafisha koo.

"Lakini ulisimamaje?" akauliza. "Watu watano walikuvuta. Mimi wawili tu hunitoa."

"Magoti."

"Magoti vipi?"

"Siwezi kueleza. Ni ya kuonyesha."

"Onyesha basi."

Fundi akainuka, akasimama katikati ya uani na khanga yake ya asubuhi, akakaza. Kimya akajiinua kwa fimbo, akachechemea, akamtia bega ubavuni, akasukuma. Mke hakusogea. Akaitupa fimbo, akamshika kiuno, akavuta. Mguu mbovu ukateleza kwenye povu, akaning'inia shingoni mwa mkewe kama nguo kambani, na hapo kikamtoka. Kicheko chenyewe kilikuwa kibovu, cha kukwaruza, kama mlango wa ghala ambao haujafunguliwa siku nyingi. Lakini kilitoka mdomoni mwake, usoni mwake, mchana kweupe.

"Nyie watu wazima!" wifi akapiga kelele kutoka ng'ambo ya ua. "Mnapigana au mnapendana? Niite watu au nifunge dirisha?"

"Funga!" akasema Kimya.

Dirisha likafungwa. Kimya bado ameshika kiuno, bado anahema. Kicheko kikaanza kumpungua, uso ukakunjika tena.

"Sasa yule mzee," akasema, "kweli, alikuambia nini?"

Fundi akakaza magoti.

"Sukuma kwanza," akasema.